Barua ya Mchango Ndiyo Maonyesho ya Kwanza

Kila nyumba ya kihistoria iliyookolewa na watu wa kujitolea ilianza na ombi. Mtu aliona paa linavuja na boriti zinaliwa na mchwa, akaandika barua au akasimama mbele ya watu, akaeleza kwa nini nyumba ile isiachwe kuanguka. Michango ikaingia, mafundi wakafanya kazi yao, milango ikafunguliwa. Leo mgeni anapita chumba hadi chumba akisoma maelezo ukutani, naye anaamini kwamba maelezo hayo ni kazi ya wanahistoria. Wanahistoria wamo, sikatai. Lakini ukirudi nyuma hadi kwenye lile ombi la kwanza, utakuta kwamba mengi yanayosemwa humo ndani, na karibu yote yaliyonyamaziwa, yalikwisha kuamuliwa hapo. Mchangishaji alimwahidi mtoaji hadithi fulani, mtoaji akatoa pesa yake kwa ajili ya hadithi hiyo, na makumbusho yakarithi ahadi.

Nalisema hili kwa kuwa mwambao wetu una nyumba nyingi zinazongoja ombi la namna hiyo. Kamati za kuziokoa huanza na hesabu: tunahitaji shilingi ngapi, tumwendee nani. Swali la nini kitaonyeshwa huwekwa kando mpaka paa lipone. Mpangilio huo ni wa hatari, na mahali panapoionyesha hatari yake waziwazi ni Mount Vernon, jimboni Virginia, Marekani. Ndiko wanawake wa kujitolea walikofanya mchango mkubwa ambao tangu hapo umekuwa kielelezo cha kazi hii.

Mount Vernon ilikuwa nyumba ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, naye alifia humo Desemba 1799. Iko juu ya kilima kando ya mto Potomac. Mwaka 1853 Louisa Bird Cunningham, mwanamke wa South Carolina, alipita mtoni kwa stima akaiona. Nyumba ilikuwa imechakaa vibaya, nguzo za baraza linaloelekea mtoni zimeoza. Akamwandikia bintiye, Ann Pamela, kwamba kama wanaume wa nchi ile wameshindwa kuitunza, basi wanawake wajaribu. Ann Pamela alikuwa na umri wa miaka 37 na mgonjwa wa uti wa mgongo tangu alipoanguka kutoka kwenye farasi akiwa msichana. Tarehe 2 Desemba 1853 gazeti la Charleston Mercury lilichapa barua yake kwa wanawake wa Kusini. Hakuweka jina lake, maana mwanamke wa tabaka lake hakutarajiwa kuonekana gazetini.

Mwenye nyumba wakati huo, John Augustine Washington III, alikuwa wa ukoo wa ndugu yake rais. Alikuwa tayari amejaribu kuiuza kwa serikali kuu na kwa jimbo la Virginia, na kote hakufanikiwa. Bei yake ilikuwa dola 200,000, fedha nyingi mno kwa zama hizo. Ann Pamela akaunda chama cha wanawake, kila jimbo likiwa na makamu wake wa kukusanya michango, na kiwango cha kujiunga kikawa dola moja. Mkataba ulitiwa saini tarehe 6 Aprili 1858 kwa malipo ya awali ya dola 18,000.

Dola mojamoja zilienda mbali, lakini hazikutosha. Aliyejaza pengo ni Edward Everett wa Massachusetts, msemaji maarufu kuliko wote wa wakati wake. Alizunguka nchi akitoa hotuba ileile kuhusu tabia za Washington, zaidi ya mara 120, na viingilio vyote akavipeleka kwa chama. Mwenye gazeti moja la New York akamlipa dola 10,000 ili aandike makala kila wiki kwa mwaka mzima, nazo pia akazikabidhi. Kwa jumla alileta zaidi ya dola 69,000, yaani zaidi ya theluthi ya bei. Tarehe 22 Februari 1860, siku ya kuzaliwa kwa Washington, wanawake wale wakashika funguo. Walikuwa raia wasioruhusiwa kupiga kura, na wanawake wa taifa zima wasingeipata haki hiyo mpaka 1920.

Nawaheshimu sana. Kila anayefanya kazi ya makumbusho ni mrithi wao kwa namna fulani. Hata hivyo, angalia waliahidi nini. Miaka ile nchi ilikuwa inapasuka vipande viwili kwa sababu ya utumwa. Mchango ulihitaji dola ya mama wa Charleston anayemiliki watumwa na dola ya mama wa Boston ambaye huenda mumewe anapinga utumwa. Ili dola hizo mbili zikae akaunti moja, ombi lilimzungumzia Baba wa Taifa na nyumba yake kama madhabahu ambapo Kusini na Kaskazini wangeweza kupiga magoti pamoja. Hotuba ya Everett nayo ilikuwa na lengo hilo hilo la kuzuia nchi isigawanyike. Jambo moja tu halikuwa na nafasi katika ahadi hiyo: watu waliolima, waliopika, waliofua, na waliofyatua matofali ya mahali pale. Washington alipofariki, shamba lake lilikuwa na watumwa 317.

Sidhani kwamba wanawake wale walikaa kikao wakaamua kuficha. Jambo lenyewe lilikuwa halisemeki bila kuharibu mchango, basi halikusemwa, na kilichokuwa busara ya uchangishaji mwaka 1858 kikageuka kuwa desturi ya maonyesho kwa zaidi ya miaka mia moja.

Walipoingia, nyumba ilikuwa karibu tupu. Miongoni mwa vitu vichache vilivyoachwa ni tufe la dunia, sanamu ya udongo ya kichwa cha Washington iliyofinyangwa na Mfaransa Houdon, na ufunguo wa gereza la Bastille. Ufunguo huu nautaka tuukaribie. Ni wa chuma, mkubwa, wa namna ya kufungulia lango na si mlango. Gereza la Bastille lilivunjwa na watu wa Paris Julai 1789, na Lafayette, aliyekuwa amepigana chini ya Washington, akautuma kwa Washington, mlezi wake wa kivita, kama zawadi ya uhuru. Bado umetundikwa kwenye ukumbi wa kati wa nyumba, ule ambao wageni wote waliuingia kwanza. Na aliyewafungulia wageni hao mlango, akapokea makoti yao, akasimama pembeni ya ufunguo wa uhuru akingoja kuitwa, alikuwa mtumwa. Kitu kimoja, ukuta mmoja, hadithi mbili. Kwa miongo mingi mgeni alipewa moja.

Vyumba vilivyobaki vilijazwa kwa njia ambayo kamati nyingi zingeipenda: kila chumba kilipewa makamu wa jimbo fulani akipambe kwa michango ya watu wake. Ni mbinu nzuri ya kuleta pesa, kwani kila jimbo linataka chumba chake kipendeze. Kama mbinu ya kuandaa maonyesho ina kasoro kubwa. Chumba kinaanza kusema habari za mtoaji. Ilichukua kazi ya muda mrefu, iliyotegemea orodha za mali ya marehemu na uchunguzi wa rangi za kuta, kuvirudisha vyumba kwenye hali aliyoiacha Washington.

Na watu weusi hawakuwa wameondoka. Sarah Johnson alizaliwa mtumwa hapo hapo mwaka 1844, akarudi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe akaajiriwa na chama. Alitunza nyumba na kuwauzia watalii maziwa, na baadaye akanunua kipande cha ardhi iliyokuwa ya ukoo wa Washington. Edmund Parker, aliyekuwa mtumwa wa ukoo huo, alilinda kaburi la rais na kuwaeleza wageni habari zake karibu hadi mwisho wa karne ya 19. Wageni waliwaona kila siku. Waliwaona kama sehemu ya mandhari ya kale, wazee waaminifu wa nyumba kubwa. Mwaka 1929 chama kiliweka jiwe mahali walipozikwa watumwa, na maandishi yake yaliwaita watumishi waaminifu. Neno utumwa halikuwamo.

Mabadiliko yalipoanza, yalianzia nje ya lango. Mwaka 1982 mwandishi Dorothy Gilliam wa Washington Post aliandika safu kuhusu makaburi hayo yaliyomezwa na majani. Msukumo ukatoka kwa Wamarekani weusi wa eneo hilo, chama kikasikia, na Septemba 1983 ukazinduliwa mnara uliosanifiwa na wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu cha Howard. Kuanzia 2014 wanaakiolojia wamekuwa wakiondoa tabaka la juu la udongo ili kuutambua mstari wa kila kaburi, bila kuyafukua. Mwaka 2016 yakafunguliwa maonyesho makubwa juu ya maisha ya watumwa wa Mount Vernon, yaliyojengwa kwa kuwafuata watu 19 kwa majina yao.

Mmoja wa watu hao ni Hercules, mpishi mkuu, ambaye sifa za mikono yake zilifika hadi Philadelphia. Alitoroka tarehe 22 Februari 1797, Washington akitimiza miaka 65. Kwa hiyo tarehe ambayo chama kiliichagua kuwa siku yake ya furaha, kumbe ilikuwa pia siku ya uhuru wa mpishi. Kumbukumbu zilikuwepo muda wote: barua, daftari za mgawo wa chakula, orodha za watu zilizoandikwa na Washington mwenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kuzichangia pesa.

Hapa baadhi ya wenzangu husema dawa ni serikali kushika nyumba zote. Sikubaliani. Mount Vernon haiendeshwi kwa ruzuku ya serikali hata leo, na uhuru huo una faida kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1916 chama kilifungiwa umeme kwa usimamizi wa Thomas Edison, na mwaka 1923 Henry Ford akawapa gari la zimamoto, maana nyumba ni ya mbao na moto ndio adui wake mkubwa. Katikati ya miaka ya 1950 ilisikika kwamba ng'ambo ya mto yangejengwa matangi ya mafuta, mkabala kabisa na lile baraza. Frances Bolton, mbunge wa Ohio na makamu wa chama, alinunua karibu ekari 500 za ng'ambo ili macho ya mgeni yaendelee kuona miti. Idara ya serikali ingekuwa bado inajadili kifungu cha bajeti. Watu wa kujitolea wana wepesi. Wanachokosa mara nyingi ni mtu wa kuwapinga ndani ya kikao, kwa sababu wote wamekuja kwa mapenzi yaleyale.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, nao una nyumba mbili za mwandishi mmoja wa Denmark. Karen Blixen alinunua nyumba ya Mbogani, chini ya milima ya Ngong, mwaka 1917, akaiacha 1931 shamba la kahawa lilipofilisika. Denmark iliinunua ikaikabidhi Kenya kama zawadi baada ya uhuru. Ikawa makumbusho mwaka 1986, mara baada ya filamu iliyotokana na kitabu chake kuenea ulimwenguni. Hapakuwa na mchango wa umma, hapakuwa na barua. Filamu ndiyo iliyoita watu. Matokeo yake unayaona vyumbani: vitu vilivyokuwa vya mwenye nyumba viko pamoja na vitu vilivyotumika katika kupiga picha za filamu, na wageni wengi huingia wakiwa tayari wanaijua hadithi yao. Mtembezaji aliye hodari, na Nairobi inao, hufanya kazi ya ziada kumtoa mgeni kwenye sinema na kumleta kwa wapishi, vibarua na familia za Wakikuyu waliokuwa na mashamba yao pale.

Nyumba yake ya pili ni Rungstedlund, kaskazini mwa Copenhagen, alikozaliwa. Mwaka 1958, akiwa mgonjwa na mzee, Blixen alizungumza redioni kuhusu nyumba ile, miti yake na ndege wanaotua humo, akamwomba kila msikilizaji aliyeyapenda maneno yake atume krona moja. Zilipatikana zaidi ya krona 80,000. Aliahidi hifadhi ya ndege pamoja na nyumba. Amezikwa humo chini ya mti mkubwa, makumbusho yalifunguliwa 1991, na bustani hadi leo ni hifadhi ya ndege. Ahadi ya redioni imeshika kuliko amri yoyote, kwa kuwa watu wengi walitoa kidogo wakijua wanatoa kwa ajili ya nini.

Sasa turudi mwambaoni kwetu, kwenye mawe ya matumbawe na chokaa. Chukua nyumba ya kiungwana ya Lamu ya karne ya 18. Unaingia kwa daka, unapita kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa mwanga, kisha misana miwili, yaani vyumba virefu, wa chini na wa juu, mpaka ndani, kwenye ukuta wa zidaka zilizochongwa kwa plasta kwa ustadi ambao leo mafundi wachache wanauweza. Ni rahisi kuchangisha kwa ajili ya zidaka. Ukipiga picha moja jioni mwanga ukiwa upande, ukaituma kwa jamaa walioko Muscat, Dubai, London au Toronto, pesa zitakuja. Ukiongeza kiti cha enzi cha mpingo, zitakuja haraka zaidi.

Lakini nani alichota maji ya birika? Nani alitwanga, nani alilala karibu na mlango ili aamke usiku? Nyumba hizi zilijengwa na kuendeshwa kwa kazi ya watumwa, na si habari ya kale sana: utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Wajukuu wa mwenye nyumba na wajukuu wa aliyechota maji wanaishi mtaa mmoja. Wanasali msikiti mmoja, wanazikana, wengine wameoana. Jambo hilo huzungumzwa kwa sauti ya chini au halizungumzwi kabisa. Kamati ya kuokoa nyumba ya namna hiyo inasimama palepale alipokuwa Ann Pamela Cunningham: inahitaji michango ya pande zote mbili, na njia nyepesi ya kuipata ni kutoliuliza swali hilo.

Najua mtu atasema kwamba ukilitaja jambo hilo kwenye barua, mchango utakufa. Inawezekana baadhi ya watoaji watajitoa. Wengine, ambao kamati haikuwahi kuwafikiria, watajitokeza kwa mara ya kwanza, kwa sababu hawakuwahi kuambiwa kuwa nyumba ile ni ya kwao pia. Familia ambazo bibi zao walipika humo zina nyimbo, zina majina ya utani ya vyumba, zina habari za nani alifungiwa wapi na nani aliachwa huru lini. Hayo ni maonyesho kamili, na yanapotea kwa kila mzee anayefariki wakati kamati ingali inakusanya pesa za plasta.

Kuna na upande wa pesa zisizoonekana. Mtoaji anapenda kununua kiti, kwa kuwa kiti kitawekewa kibao chenye jina lake. Hapendi kununua mfereji wa kuondolea maji ya mvua, ingawa maji yanayoingia kwenye msingi yataangusha chumba na kiti chake. Mount Vernon imekuwa ikifanya ukarabati mkubwa wa nyumba kwa michango ya watu binafsi: msingi, unyevu, mifumo ya hewa, mambo ambayo mgeni hayaoni. Mwaka 2024, wakichimba sakafu ya chumba cha chini kwa ajili ya kazi hiyo, wanaakiolojia walikuta mashimo yenye chupa 35 za tangu kabla ya vita vya uhuru wa Marekani. Chupa 29 zilikuwa nzima, na ndani yake kulikuwa na matunda, hasa cheri, yaliyohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 200. Habari ilienea duniani. Na makumbusho, katika kuieleza, yalimtaja Doll, mpishi mtumwa aliyeletwa pale na Martha Washington mwaka 1759 na ambaye jiko lilikuwa chini ya usimamizi wake. Chama kilekile, nyumba ileile. Pesa ya msingi wa nyumba imezaa kionyeshwa ambacho hakuna mtoaji aliyekiagiza, na jina lililotajwa nacho ni la mpishi.

Basi kamati inayokaa wiki hii Lamu, Unguja, Pangani au Bagamoyo, kabla ya kuchapa barua yake, iandike kwanza karatasi moja ya maonyesho: nyumba hii ilikuwa na nani na nani, kila mmoja alifanya nini, na ushahidi wetu ni upi. Daftari za makadhi, hati za kuuziana majumba, kumbukumbu za walioachwa huru zilizoko katika nyaraka za Zanzibar, na wazee walio hai ndio pa kuanzia. Katika kikao hicho wawemo watu wa koo zote mbili, ya mwenye nyumba na ya aliyechota maji, si kama waalikwa wa siku ya uzinduzi bali kama wajumbe wenye kura. Barua itoke kwenye karatasi hiyo. Akaunti ya matengenezo ifunguliwe siku moja na akaunti ya ununuzi, na sehemu ya kila mchango iingie humo bila mjadala, mfereji ukitangulia kiti cha enzi. Na katiba ya chama iwe na kifungu kwamba mtoaji anaweza kuandikwa jina mlangoni, ila maandishi ya ndani yatapitiwa na wajumbe wote na hayatabadilishwa kwa ombi la mtoaji yeyote, awe ametoa shilingi mia au milioni mia.